Tarehe za Penseli

Ukutani mwa kontena, hapa Hombolo,
nimebandika ratiba ya zahanati:
kazi kumi na tisa, kila moja na ukomo wake.
Lenta, Novemba kumi na saba.
Paa, Novemba ishirini,
maana mvua ya Dodoma huchelewa
ila ikija haipigi hodi.

Fundi Chilongani akaisoma kwa kidole.
"Lenta hadi paa, siku tatu?
Zege umeliuliza?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Ana nusu eka ya mizabibu nyuma ya bwawa,
huhesabu kinyumenyume:
huanzia siku ya kuvuna,
hurudi mwezi kwa mwezi
mpaka asubuhi ya kupogoa.
"Mimi naweka mkasi tu. Siku zilizobaki ni za mzabibu."

Zege halilali, tunasema,
tukilimwaga usiku kwa taa ya pikipiki.
Lakini likishamwagwa linadai usingizi wake,
siku ishirini na nane,
linyweshwe maji kama mgonjwa,
meneja apige simu asipige.

Nikachukua kifutio.
Paa palepale, mvua haina mjadala.
Lenta ikarudi Oktoba ishirini na tatu,
kuta zikaisukuma jamvi,
jamvi likausukuma msingi,
na msingi, niliouwekea wiki ijayo kwa raha zangu,
ukaangukia kesho, saa kumi na mbili asubuhi.

"Haya," akasema Chilongani, akatoka kutafuta koleo.

Tarehe moja tu niliiandika kwa wino:
Jumamosi, malipo ya vibarua.