Tiketi Mbili, Makambako

Miaka ishirini na saba Lusungu ameuza tiketi
kwenye kidirisha cha chuma pale Makambako.
Amewapeleka watu Mlimba, Tunduma, hadi Kapiri Mposhi,
na yeye jioni amerudi kwangu kwa baiskeli,
koti likinuka wino na dizeli.

Wiki aliyostaafu akaweka mezani tiketi mbili,
kando ya sahani ya viazi.
"Twilumba," akasema, "fungate letu hilo."
Nilicheka mpaka nikashika ukuta.
Fungate gani, na magoti haya?

Ahazi akapiga simu kutoka Njombe:
Mama, basi lipo. Asubuhi mpande, jioni mko Songea,
kesho mmeshafika Mbamba Bay.
Kuzungukia Mbeya ya nini?
Baba yake akaninyang'anya simu.
"Basi linafikisha, mwanangu. Sisi tunasafiri."
Akakata.

Treni ya saa tatu usiku ilikuja saa nane.
Tulikaa benchini, blanketi moja,
baridi ikitutafuna masikio,
na hakununa. Alikuwa akinieleza
kengele ya kwanza inasema nini, ya pili inasema nini,
kama mtu anayemtambulisha mkewe kwa ndugu zake
baada ya kuchelewa sana.

Rujewa. Chimala.
Aliyataja majina kabla taa hazijaonekana.
Igurusi tulilala njiani kuipisha treni ya shaba.
Vyura wa mashamba ya mpunga wakapokezana gizani,
mtoto wa kiti cha mbele akauhamishia usingizi wake
juu ya paja langu, na mamaye,
ambaye jina sikumuuliza,
akanipa nusu ya muhogo wake.
Sisi tulikuwa na viazi baridi
na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari.
Kukapambazuka bila haraka. Mkono wa kushoto
milima ya Uporoto ikajitokeza mmoja mmoja,
kama wageni wa msiba wanaoona aibu kuingia.

Mbeya hatukukaa.
Tukapanda Isyonje ndani ya ukungu,
tukashuka na migomba ya Tukuyu,
na joto la Kyela likatuvua makoti.

Melini hapakuwa na kengele anayoijua.
Palikuwa na honi tu, ikilia ikitaka.
Wanawake wa Ikombe walipakia vyungu vilivyovikwa nyasi,
nikawaona wakivigonga kwa kidole kimoja kimoja
na kuvisikiliza.
Lusungu alishika chuma cha ukingo kwa mikono miwili.
Milima ya Livingstone imeporomoka wima hadi majini.
"Hapa," akanong'ona, "hata reli isingepata pa kukanyaga."
Halafu giza likaingia, akaniuliza:
"Tumefika wapi?"

Miaka thelathini na minne ya ndoa.
Mtu huyu hajawahi kuniuliza tumefika wapi.
"Sijui," nikamwambia. "Majini."
Akasogea. Mkono wake ulikuwa na jasho.

Lupingu, usiku wa manane, mitumbwi ikatujia na tochi.
Bibi mmoja akateremshwa na godoro lake,
godoro kwanza, bibi baadaye,
akawa anawakaripia wapagazi wote kwa Kikisi
mpaka sauti yake ikafika ufukweni kabla yake.
Tulicheka sisi wawili, kimyakimya, kama wezi.
Hatukulala tena.

Mbamba Bay hatuna ndugu, hatuna shamba, hatuna mgonjwa.
Tulikula mbasa wa kuchoma kwenye kibanda,
mifupa tukaipanga ukingoni mwa sahani,
kisha akanyanyuka kuulizia meli ya kurudi.

Kijana wa kidirishani hakuinua kichwa.
"Ijumaa, Mungu akipenda."

Nikamwona Lusungu amesimama pale, mdomo wazi kidogo.
Sentensi hiyohiyo aliisema miaka ishirini na saba,
hakuwahi kuisikia kutoka upande huu.
Akaniangalia. Akanunua tiketi mbili,
akazifunga ndani ya leso yangu.

Ilikuwa Jumatatu.