Kutoa

Mizani ya zahanati yetu hapa Chikulo, wilaya ya Bahi,
inaning'inia kwenye boriti kwa kulabu ya chuma.
Ina kibandiko: mikono miwili inapeana,
na maneno ZAWADI YA WATU WA,
kisha basi. Jiki imefuta jina la nchi.
Hatujui tena tumshukuru nani.

Kila Jumanne kina mama huja na vumbi lao la njiani.
Nawavalisha watoto kaptula ya turubai,
nawatundika mmoja mmoja,
wanalia, wanapiga hewa mateke,
na mshale unayumba, unatafuta la kusema.

Lakini mizani hii ina uongo mdogo.
Ikiwa tupu, bila mtoto, bila hata kaptula,
inasoma gramu mia tatu.
Ilikuja hivyo, tangu sandukuni.
Basi nasoma, natoa mia tatu, ndipo naandika.
Mwalimu wa hesabu aliita hivyo: kutoa.
Mchungaji naye, siku ya harambee, aliita hivyohivyo.
Miaka kumi na moja nalitumia neno hilo
na sijajua ni la nani kati yao.

Niseme haki.
Mwaka ule mvua iligoma, uwele ukanyaukia magotini,
Mbeleje aliletwa akiwa na mwaka na miezi miwili.
Mshale ulisema tano. Nikatoa. Nikaandika nne na mia saba.
Ngozi ya mapaja yake ilikunjana kama soksi iliyolegea.
Stoo ilikuwa na pakiti za karanga,
zimeandikwa lugha nisiyoijua.
Ya kwanza aliifyonza amefumba macho,
ya pili amenishika kidole.
Leo yuko darasa la tatu. Juzi kavunja kioo cha dirisha letu
na sikupata moyo wa kumgombeza.
Anayesema misaada yote ni upuuzi
aje amwambie Mbeleje mwenyewe,
ila asisimame karibu: yule mtoto ana shabaha.

Na niseme haki tena.
Pakiti zilezile nilizikuta sokoni Majengo
kati ya sabuni na betri,
mia tano moja, kumi kwa elfu nne.
Gari jeupe la mradi, lililoombwa kwa ajili ya wajawazito,
nililiona Hombolo msimu wa zabibu,
limejaa kreti, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba.
Dereva Chedego alisimama, akanipa kichala.
Zilikuwa tamu.

Halafu semina, siku tatu, hoteli ya mjini,
mada: Uwajibikaji.
Nilihudhuria moja, nikasaini tatu.
Zile mbili nisizokuwepo sasa ni bati sita
juu ya jiko la mama yangu.
Mvua ikinyesha, nazisikia zikihesabiwa.

Mwezi wa tano alikuja kijana mwenye kishikwambi.
"Mradi umefaulu? Ndiyo au hapana?"
Nikamuuliza kama ana kisanduku
cha Ndiyo, toa mia tatu.
Akacheka. Akabonyeza Ndiyo.

Barua ilifuata: ufadhili umesitishwa.
Jokofu la chanjo bado linanguruma kwa jua letu wenyewe.
Kamati inabishana kuhusu debe la uwele kwa kila kaya,
na nusu yao hawajaja kikaoni.

Jumanne iliyopita Lechipya, fundi baiskeli,
alimleta mwanawe kupimwa.
Aliniona nikitoa. Akauliza kwa nini.
Akaishusha mizani, akaipapasa kama anayetafuta pancha,
akauchimba ukucha chini ya kibandiko:
skrubu.
Ilikuwepo siku zote, nyuma ya mikono inayopeana,
na sisi, kwa adabu ya mpewa,
hatukuthubutu kubandua.

Alikaza robo mzunguko. Mshale ukarudi,
ukakaribia sifuri, ukagoma.
Mia moja imebaki.
Natoa hiyo, naandika, namwita anayefuata.