Kubebesha

Hasnawiah alifika na pikipiki yenye tope hadi usukani,
umri wa mjukuu wangu wa tatu,
na mkoba: visu viwili, mkanda wa plastiki,
daftari ambalo hakulifungua.
Aliuliza kwanza: "Bibi, nani hufagia hapa?"

Mimi. Kila alfajiri.
Chini ya mikakao yangu hukuti hata jani la kupangusia kisu.
Ndivyo nilivyofunzwa, shamba ni uso wa mwenyewe.

Akachuchumaa, akakwangua ardhi kwa ukucha,
ikalia kama chungu kikavu.
"Umeivua nguo," akasema,
"na jua la siku hizi halina haya."

Ningemfukuza.
Lakini Luwu nzima iliona mvua ya Aprili ikija Juni,
maua yakamwagika kama mchele wa mtu mwenye haraka,
na walanguzi wa Palopo wakainua magunia yetu
kwa mkono mmoja.

Mwaka ule wa bei nzuri, La Patau, marehemu wangu,
aliangusha kila kilichosimama juu ya kakao:
midoriani, mishelisheli, mti wa uzio.
"Kakao ile jua," alisema, "nasi tule kakao."
Tulikula. Tukaezeka bati.
Sasa nalala chini ya bati hilo, nikiokwa.

Binti akachagua mti mkongwe kuliko yote,
ule alioupanda La Patau wiki ya kifungua mimba wetu.
Akaupasua gome ubavuni.
Nilishika shina kama unavyomshika mgonjwa wa sindano.
Akachonga kikonyo cha mti wa Ambo Upe,
ule uliovumilia ukame bila kupukutika,
akakichomeka, akazungusha plastiki, akakaza.

Nikacheka hadi nikakohoa.
Kumbe ni mbeleko!
Mzee hana jino, hana tunda,
na bado kapewa mtoto mgongoni.

"Siku ishirini na moja. Usichungulie."
Nilichungulia siku ya tisa.
Kile kilikuwa cheusi kama njiti iliyokwisha kuwaka,
na sikumwambia mtu.
Vingine kumi na kimoja nilivipita nikiangalia pembeni
kama mwenye deni.

Vimeshika saba.
Juu ya ubavu wa La Patau, namaanisha mti wake,
kuna majani mawili mekundu, laini,
hayajajua kama yatakuwa kijani.

Nimechimba mashimo manne ya midoriani.
Kivuli chake kitanikuta, labda; matunda, hapana.
Hilo linaniudhi kidogo, sitasema uongo.

Ufagio umeegemea ukuta tangu mfungo wa Ramadhani.
Majani yamelala yalipoangukia,
chini yake kuna unyevu, na minyoo, na harufu
niliyoisahau toka usichana.

Leo asubuhi jirani kapita njiani, kaliona shamba,
karudi na bakuli la uji wa mahindi.
Ameketi hapa sasa,
ananiuliza kwa upole
naumwa nini.