Kupunguzwa

Barua ilisema kupunguza.
Neno hilo nalijua, ndilo lililonilisha miaka kumi na mmoja:
rangi ikiwa nzito unaitia thina,
unakoroga, unainua kijiti, unatazama inavyochuruzika.
Sijapata kupunguza rangi
hadi ndoo ikabaki tupu.

Tawi la Malindi, wameandika. Tawi.
Basi kuna mti mahali, na mti uko salama.

Wiki ya mwisho kila kitu nusu bei.
Watu wasio na mlango walinunua bawaba.
Ngumbao wa Barani alichukua mfereji wa shaba,
kwake maji hayajafika. Akasema, "Yatakuja."
Sidi wa misumari alipima kilo ya mwisho,
akaongeza kiganja kizima juu yake
mbele ya meneja,
na meneja akatazama dari.

Jumamosi rafu zenyewe zikauzwa.
Saa kumi na moja Tsuma bawabu akatafuta kufuli.
Tumeuza makufuli tangu duka lifunguliwe,
ya shaba, ya chuma, ya namba,
halikusalia hata moja.
Tukaazima kwa Bi Rukiya wa mbaazi na mahamri,
lile analofungia sanduku la unga.
"Alfajiri nalitaka," akasema, "mimi bado nina kazi."

Nikashika njia ya Maweni kwa miguu.
Ukuta wa zahanati: mia nne na sita, matone mawili ya nyeusi.
Geti la Mwitaliano: ile buluu aliyoirudisha mara tatu
akidai si bahari ya kwao.
Msikiti mdogo kule Shela: nyeupe, lakini si nyeupe tu,
niliitia manjano kama mtu atiavyo chumvi,
jua lisiwaumize macho wanaotawadha.
Mashine imepakiwa lori, imekwenda Mombasa.
Hesabu zake ninazo mimi, kichwani.
Hawakuzidai.

Nyumbani kwangu ukuta ni simenti kavu,
miaka kumi na mmoja nasema mwezi ujao.
Nyevu, mwanangu, amepanga mikebe sakafuni,
mabaki ya rangi saba aliyonifungia Sidi,
anauliza zikichanganywa zote zitatoa nini.

Najua zitatoa nini. Tope.

Nikavua viatu.
Nikamwambia, lete kijiti.