Kijiko Kimoja, Kasulu

Kwanza ilikuwa harufu.
Saa tisa usiku, mtambo namba mbili ukinguruma
kama mtu akoromaye na deni kichwani,
nikainusa: si dizeli, si grisi,
ni zizi la mbuzi wa bibi kule Heru Juu,
ni nepi iliyosahaulika ndani ya beseni.

"Nzobona," nikaita, "umekojoa wapi?"
Akacheka hadi miwani ikamdondoka.

Miaka kumi na moja naulisha mtambo huu,
pipa baada ya pipa,
nao hunijibu kwa kikohozi.
Ukuta wa Mama Bukuru, jirani wa bomba,
hupakwa chokaa Krismasi;
Pasaka ikifika umeshakuwa wa kijivu,
na wanawe wanalala wakipiga mluzi vifuani.

Nzobona alikuja na sanduku la plastiki,
wavu wa shaba,
betri iliyoshiba jua la mchana.
"Humo moshini," alisema,
"naitrojeni imeshikana mikono na oksijeni.
Tunaichovya majini, umeme unawaachanisha,
kisha unaiozesha kwa haidrojeni."
Nikamwambia sijaona talaka yenye faida.

Miezi minne.
Masizi yakaziba mrija. Shaba ikaota weusi.
Panya wakala waya.
Mkuu wa kituo akauliza kama tunapika gongo.

Usiku ule karatasi nyekundu ikageuka buluu.
Tukaupitisha mvuke kwenye asidi ya betri,
tukayaanika maji juani juu ya sahani ya bati:
chumvi, kijiko cha chai,
na hakikujaa.

Mfuko wa mbolea umepanda meli,
umepanda lori,
bei nayo imepanda;
ni sisi tu ambao hatujapanda.

Kijiko nikampelekea Mama Bukuru.
Akanusa, akakunja uso.
"Ndio ule moshi?"
"Ndio ule."
Akalitazama bomba, akautazama ukuta.
"Basi umechelewa kunilipa,"
akakigawa kwa mashina matatu ya mahindi.
La nne hakulipa kitu. Ushahidi, alisema.

Wiki ya tatu aliniita kwa kidole,
hakusema neno.
Matatu yamekoza kijani, la nne manjano
kama taa ya chumba cha zamu.

Bomba bado linatema.
Sanduku letu hudaka labda pumzi moja katika elfu.
Nimeiandika kwenye daftari la zamu,
chini ya safu ya mafuta yaliyotumika,
mahali pasipo na safu.