Kunuka na Kunukia

Mnunuzi anakuja Jumamosi kutoka Võru,
na gari la baba linanuka mbwa.

Si harufu ya kuuliza "ni nini hicho?"
Ukifungua mlango inakupokea, inakusalimu,
inakulamba uso.
Miaka tisa Muri alipanda humu akiwa amelowa,
katoka mtaroni, katoka kwenye theluji ya Machi
iliyochanganyika na samadi,
akajikung'uta kiti cha nyuma
huku baba akienda kujenga majiko ya matofali
kwa vikongwe wa vijiji vya Ziwa Peipsi,
madirisha yamefungwa, kwa sababu ya baridi
na kwa sababu wote wawili hawakuona tatizo.

Virve wa ghorofa ya pili kaniambia: siki.
Nusu kwa nusu na maji ya vuguvugu, usiloweshe, pulizia tu.
Nimepulizia. Sasa gari linanuka mbwa
aliyekula achari.

Nimemwaga magadi ya kuokea, makopo matatu,
nikayaacha usiku kucha yanywe yatakachokunywa.
Asubuhi nikafyonza kwa mashine: manyoya
ya kutosha kufuma mbwa wa pili.
Nimeweka bakuli la kahawa chini ya kiti cha dereva.
Nimefungua milango yote minne juani,
jua la Tartu la mwezi wa tatu,
ambalo ni taa ya friji: linaangaza, basi.

Pua ikizoea huanza kuchambua.
Huu uvundo ni wa zulia lililolala na maji.
Hii kutuzi ni ya shingo ya mbwa, pale kwenye mkanda.
Hili vumba ni ngozi ya samaki wa moshi chini ya reli ya kiti;
Muri aliificha akaisahau, au aliiweka akiba.
Na huku nyuma kabisa, masizi,
udongo mbichi wa majiko,
tumbaku ambayo baba alimwapia daktari kwamba ameiacha.

Hapo nilikaa kidogo, kitambaa mkononi.
Kisha nikapangusa.

Ijumaa nikawasha kipasha joto
na yote yakarudi, fee!
kana kwamba sijagusa kitu.
Ni chujio la hewa, akasema kijana wa duka la vipuri.
Hakuna anayelikumbuka.
Nililichomoa nyuma ya kisanduku cha abiria:
jeusi, lina manyoya, zito kama mkate uliododa.
Likaenda mfukoni, mfuko pipani, uani.
Jipya, jeupe, yuro kumi na nne.

Gari likaacha kunuka. Halikunukia pia.
Lilikuwa halina la kusema.

Nikamwita Muri: twende, mzunguko wa mwisho.
Nyonga zinamsumbua, lakini alipanda mwenyewe.
Akanusa kiti. Akanusa mkanda, kanyagio,
mahali pa goti la baba.
Akanitazama kama mtu aliyebisha hodi
akafunguliwa na wapangaji wapya.
Akashuka.
Akavuka ua polepole hadi kwenye pipa,
akalala mbele yake, kidevu juu ya theluji chafu.

Saa nzima.
Nikavaa glavu nikafukua.

Jumamosi Kaarel akaja, akaingiza kichwa, akavuta pumzi,
akasema safi kabisa, wala hakubishana bei.
Gari lilipopita getini Muri hakuinua hata sikio.
Lilikuwa gari la watu.

Sasa amelala jikoni, kichwa juu ya chujio.
Nyumba nzima inanuka.
Virve kapita, kashika pua mlangoni:
umejaribu siki?

Nimemwambia nitajaribu.