Nyufa za Mbao

Jumapili ya kwanza kengele ya Isongole haikulia.
Nililala chumba cha nyuma, kifua kinawaka,
nikiisubiri kama ninavyomsubiri mtoto niliyemtuma mashineni.
Ukungu tu ndio uliokuja. Ukapita juu ya viazi,
ukakaa dirishani bila kubisha hodi.

Mchungaji alituma ujumbe: kila nyumba iwe kanisa.
Nikacheka, nikakohoa, nikacheka tena.
Nyumba hii? Ya Anyelwisye, fundi wa malori,
ambaye miaka kumi na sita ametusindikiza hadi langoni
kisha akarudi kwenye redio na mpira wake?

Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao za mlingoti
zilizopigiliwa zikiwa mbichi, zikakauka, zikaachana.
Kwenye ufa niliona goti la Tumpe,
kiwiko cha Lusekelo, kona ya meza.
Kwa hiyo nasimulia nilivyoona: vipande vipande.

"Haya," alisema baba yao. Kimya.
"Haya," tena. Nikamsikia anapekua kurasa
kama anayetafuta nati iliyodondoka kwenye nyasi.
"Hivi mama yenu huwa anaanzia wapi?"
Nsubisi, wa miaka sita, akamjibu:
"Huwa anaanzia jikoni. Anazoa majivu, anaimba puani,
halafu anamwambia Yesu kuni zimelowa."

Sikuwa nimejua kwamba ile nayo ilikuwa ibada.
Sikuwa nimejua kuna mtu aliyekuwa macho.

Basi wakaanza kwa kuzoa majivu.
Wakaimba kwa sauti zisizofahamiana:
Tumpe juu ya paa kabisa, na Lusekelo,
ambaye sauti yake ndiyo kwanza inavunjika,
akateremka kama lori lililokosa breki pale Iwambi.
Wakasoma, wakirudia maneno magumu.
Kisha matangazo, maana Lusekelo alisema
ibada isiyo na matangazo haijaiva.

La kwanza: kuku wa madoa ameanza kuatamia.
La pili: anayemaliza sabuni ya ndoo ya mlangoni aseme.
La tatu halikusomwa.
Wote tulijua ni la Mama Syabumi, ng'ambo ya kijito,
aliyezikwa Alhamisi na watu saba,
yeye aliyezika kijiji kizima kwa miguu yake,
hajawahi kukosa matanga ya mtu.

Kwenye sadaka pakawa na mnada, kama desturi.
Boga moja. Mia mbili! Mia tatu!
Tumpe akaongeza zamu mbili za kuosha vyombo,
likawa lake.
Jioni walilibeba hadi kwa wafiwa,
wakaliweka kwenye kigogo cha langoni, wakarudi hatua kumi,
wakaimba wakiwa barabarani.
Sikuona. Nilisikia tu ng'ambo ikiitikia,
sauti moja kwanza, halafu nyingine.

Lakini nimeruka sala.
Aliiomba Anyelwisye mwenyewe,
haikuwa na "ewe" wala maneno ya madhabahuni.
"Bwana, mimi injini nikiisikiliza najua inaumwa wapi.
Kifua kile nyuma ya mbao sikielewi.
Sina spana yake.
Wewe uliyekifunga, kifungue taratibu."
Akanyamaza muda mrefu, hata mvua ikasikika kwenye bati.
Alikuwa amesahau amina.

Ikabidi niiseme mimi, upande wa pili,
kwa pumzi niliyokuwa nimejiwekea ya kwenda chooni.

Kidole kidogo kikapenya ufani, kinanuka jivu.
"Mama kasema amina," Nsubisi akatangaza.
"Tumemaliza. Pakueni."

Siku hizi kengele inalia, nasi tunapanda kilima,
wote watano, fundi akiwa amenyoa ndevu.
Seremala alikuja wiki iliyopita kuziba zile mbao.
Nilimwambia aanze na banda la kuku.